Gitaa la Rika la Gesare

Bendi iliyokuwa ikitumbuiza kwenye harusi kutoka Keumbu hadi Marani ilikuwa mali ya Nyasani. Spika zilikuwa zake, ngoma zake, lori lake, na hata lile gitaa la solo ambalo Gesare alikuwa akilipiga tangu watoto wake wakiwa wa kubebwa mgongoni. Kwa hiyo siku ile Nyasani alipomwita kando, baada ya harusi moja ya Mosocho, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wakati wa kupumzika umefika, Gesare hakuwa na mzigo wa kufunga. Alilivua gitaa begani, akalipangusa jasho kwa leso yake, akamrudishia mwenyewe.

"Usikasirike, mama," Nyasani alisema. "Vidole vyako havina shida. Lakini siku hizi kila mtu anapiga picha na simu. Wanataka kuona msichana pale mbele. Na wewe sasa umefika hamsini."

"Na hii gitaa yako iko na miaka ngapi?"

"Hii? Hii ni ya zamani sana, hata nikipewa pesa siuzi. Vitu vya zamani siku hizi ni mali."

Gesare alimtazama, akalitazama na gitaa. "Kumbe," akasema. "Gitaa ikifika hamsini inakuwa mali. Mwanamke akifika hamsini anaambiwa aende akapumzike."

Nyasani alicheka akidhani ametaniwa. Gesare hakucheka. Alipanda bodaboda, akashika njia ya nyumbani, na mikono yake, iliyozoea kurudi imechoka, safari hii ilikuwa mitupu tu mapajani, kama mikono ya mtu aliyenyang'anywa mtoto.

Alimkuta mumewe Mogire shambani akikata majani makavu ya migomba. Hakumpa hata salamu.

"Nanunua gitaa," alisema.

Mogire alisimamisha panga. "Ya bendi?"

"Yangu. Tangu nianze kupiga muziki sijawahi kuwa na gitaa la kwangu. Kila nilipotoka kwenye bendi, nilitoka mikono mitupu. Sasa nataka langu, la umeme, la zamani, lililotengenezwa mwaka niliozaliwa mimi. Sabini na tano. La sabini na nne silitaki, wala la sabini na sita."

"Wenzako wakifika umri huo hununua ng'ombe wa maziwa."

"Ng'ombe tunaye."

Mogire alimjua mkewe. Gesare akishataja jambo kwa sauti ile ya utulivu, hata mvua ya mawe haimrudishi nyuma. Na fedha ilikuwepo: bonasi ya majani chai ilikuwa imeingia, na Gesare alikuwa na akiba yake kwenye chama ambayo hakuwa amemwambia mtu ni ya nini. Mogire akarudia migomba yake. "Basi litafute," alisema. "Lakini usije na kitu kitakachotuchoma nyumba kwa umeme."

Kutafuta hakukuwa rahisi. Gesare aliwapigia simu wapiga gitaa wote aliowahi kusimama nao jukwaani. Mmoja alimwambia lake aliliuza akalipa karo. Mwingine lake lilikuwa limeliwa na mchwa. Huko mjini Nyamira alipelekwa kwa jamaa aliyeapa kwa mbingu na nchi kwamba gitaa lake ni la sabini na tano; Gesare alipolipuliza vumbi akaona kibandiko cha kiwanda, bado kinang'aa, chenye tarehe ya mwaka juzi. Jamaa yule hakuona hata haya. "Basi umri si namba tu?" akasema.

Ndipo mpiga besi mmoja wa zamani alipomtajia duka la Shueib mjini Kisii.

Ukoo wa Shueib umeuza redio pale mjini tangu enzi za betri kubwa kama matofali. Babu yake alikuja na biashara, akaoa na kuzikwa hapa, na Shueib mwenyewe anazungumza Ekegusii kama mtu aliyezaliwa Mosocho. Gesare alipomweleza shida yake, mzee yule alivuta pumzi, akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko kitambo, kisha akatoka na kasha refu jeusi.

"Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikodisha vyombo kwa bendi," alisema. "Vingine viliuzwa, vingine viliibwa. Hii aliipenda, akakataa kuiuza. Ilitoka Japani."

Alifungua kasha. Gitaa lilikuwa limelala ndani ya kitambaa chekundu kilichochakaa. Katikati lilikuwa na rangi ya asali, na kadiri jicho lilivyokwenda pembeni rangi ikazidi kukolea hadi ikawa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Varnishi ilikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo wakati wa kiangazi. Pale nyuma ya shingo, mahali dole gumba hupita, rangi yote ilikuwa imeliwa na viganja vya watu, ukabaki mti wenyewe, laini kama mpini wa jembe la zamani.

Shueib alichomeka waya kwenye amplifaya. Gesare alikaza nyuzi moja moja, akitega sikio, kisha akapiga.

Gitaa la Nyasani lilikuwa na sauti kali ya kupasua, sauti ya kugombana na ngoma. Hili lilizungumza. Uzi wa chini ulitoka mwembamba lakini haukupiga ukelele, na ule wa juu ulinguruma taratibu, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kutoa neno. Gesare alipiga muda mrefu kuliko adabu ya mteja inavyoruhusu.

"Ni ya mwaka gani?" akauliza mwishowe.

"Baba alisema sabini na kitu. Tufungue. Hawa Wajapani walikuwa wanapiga muhuri ndani."

Shueib alilegeza nyuzi, akashika bisibisi, akafungua skrubu zilizoshikilia shingo. Shingo ikachomoka. Pale kwenye mti usiowahi kuona jua, kulikuwa na muhuri wa wino wa buluu, tarakimu zake safi kama zilipigwa jana. 1973.

Gesare aliichukua shingo, akausoma muhuri ule. Akarudisha shingo mezani polepole.

"Si yangu," alisema.

"Dada Gesare! Miaka miwili ni nini? Sisi wawili hapa nani anajua nani mkubwa?"

"Ni miaka miwili, Shueib. Nilisema gitaa ya mwaka wangu. Nikianza kudanganya kwa hii, nitakuwa nimenunua gitaa tu."

"Na sauti umesikia?"

"Nimesikia." Alichukua mkoba wake. "Hiyo ndiyo inaniuma."

Shueib alimtajia bei, akamwambia kwamba kuna mtu mwingine, mwenye hoteli, aliyekuwa ameulizia kitu kama hicho, na kwamba hawezi kumwekea Gesare. Gesare alisema anaelewa. Alitoka dukani kichwa juu, lakini alipofika kituo cha magari alikuta amepita gari la kwao bila kuliona.

Jumapili alikwenda Nyamira kumwona mama yake, kama desturi. Orpah alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, akipepeta wimbi. Alikuwa mwanamke mkavu wa mwili, mwenye macho yasiyokosa kitu, Msabato tangu utoto wake, na katika miaka yote ambayo Gesare alikuwa amepiga gitaa, hakuwahi kwenda kumsikiliza hata mara moja. Hakumkataza. Hakumsifu. Aliziita nyimbo zile "mambo yenu ya kule harusini", basi.

Kwa hiyo Gesare hakutarajia lolote alipoanza kumsimulia. Alimsimulia tu kwa sababu lilikuwa limemjaa kifuani: Nyasani, lile duka, gitaa lile lenye rangi ya asali, na muhuri uliomfanya aliache.

Orpah aliacha kupepeta. "Lilikuwa na mwaka gani?"

"Sabini na tatu, Mama. Mimi nilizaliwa sabini na tano."

"Nani alikwambia?"

Gesare alicheka. "Kitambulisho."

"Kitambulisho kilikuwepo nikikuzaa?" Orpah aliweka ungo chini. "Wewe ulizaliwa Sabato ile jua liliposhikwa."

"Liliposhikwa vipi?"

"Tulikuwa kanisani, alasiri. Mimi tumbo lilikuwa hapa. Mahubiri yakiendelea, mwanga ukaanza kupungua, lakini mawingu hakuna. Ukawa mwanga wa ajabu, kama wa kutazama kitu ndani ya maji. Kuku wa mchungaji wakapanga foleni kurudi kibandani. Mtu mmoja akatoka nje, akarudi akipiga kelele kwamba jua limebaki kipande kama mundu. Kanisa zima likapiga magoti. Tulidhani Bwana anarudi, mwanangu. Watu walikuwa wakitubu kwa sauti, mmoja anataja mpaka mbuzi aliyeiba. Na mimi nikapiga magoti, lakini si kwa toba. Ni wewe ulikuwa unakuja."

"Hukuwahi kuniambia hili!"

"Uliniuliza lini? Wanawake wakanitoa nje, wakanilaza nyumbani kwa mchungaji. Nilikuwa nikiomba jambo moja tu, kwamba Bwana asinikute katika hali ile. Hakuja Yeye. Ukaja wewe. Na jua likafunguka, likatua kwa wakati wake kama kawaida."

Gesare alitoa simu mkobani. Aliuliza ni lini jua lilipatwa Kenya mchana, siku ya Jumamosi, na jibu likaja: tarehe thelathini Juni, mwaka wa sabini na tatu.

Alilisoma, akalisoma tena. "Mama. Na hii sabini na tano ilitoka wapi?"

Orpah aliokota punje moja ya wimbi kwenye kanga yake, akaitazama. "Tata yako, baba aliyekuzaa. Wakati wa kwenda shule ulipofika, nilikuwa nimejifungua mapacha. Chai ilikuwa inataka mikono, na mapacha walikuwa wanataka mikono. Nikasema, Gesare akae nyumbani kidogo anishikie hawa watoto. Kidogo ile ikawa miaka miwili. Ulipokwenda kuandikishwa, Tata yako akaona aibu, msichana mkubwa hajui hata a. Ulikuwa mdogo wa mwili. Akakupunguzia miwili, mwalimu akaandika. Na mwalimu akishaandika, serikali nayo huandika."

Jogoo wa jirani akawika bila sababu. Gesare alikuwa akiwaona wale mapacha, mmoja mgongoni na mmoja ubavuni, uzito wao, harufu ya maziwa yaliyochacha shingoni kwao. Alikuwa akiwakumbuka vizuri. Kumbe siku zile zote hazikuhesabiwa mahali popote. Alifanya kazi miaka miwili, halafu ikafutwa, akaambiwa aanze upya.

"Umekasirika?" Orpah aliuliza, na lilikuwa swali ambalo Gesare hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Gesare alitafuta hasira, hakuipata. Alichokipata ni kitu kingine kilichopanda taratibu kutoka miguuni, kikamnyoosha mgongo. "Yaya, Mama, sijakasirika," alisema. "Nina hamsini na miwili." Akasimama. "Nina hamsini na miwili!" akarudia kwa sauti, na mtu angemwona angedhani ameshinda bahati nasibu.

Kesho yake alifika mjini maduka yakifunguliwa, lakini kuna mtu alikuwa amemtangulia. Kasha lilikuwa wazi juu ya meza ya Shueib, na bwana mmoja mnene, mwenye suti nzuri na tochi ndogo mkononi, alikuwa amelinamia gitaa kama daktari. Huyo ndiye Nyamongo, mwenye hoteli.

"Hizi funguo mbili za kukazia nyuzi si zake," alikuwa akisema. "Na hii pikapu ya nyuma, hii ya kunasia mlio wa nyuzi, imebadilishwa."

"Ilikufa, baba akaweka nyingine," Shueib alijibu. "Lakini inanasa sauti vizuri."

"Sibishi. Lakini mimi nataka ya kuweka ukutani pale mapokezi, na kitu cha ukutani kinatakiwa kuwa hakijaguswa. Kikiguswa, thamani inashuka. Nipunguzie, nichukue sasa hivi."

Shueib alikuwa bado anakuna kidevu Gesare alipoingia. Hakungoja kukaribishwa.

"Mimi nachukua vile ilivyo," alisema. "Kwa bei uliyoniambia, bila kupunguza."

Shueib alishangaa. "Si ulisema si ya mwaka wako?"

"Nilikosea mwaka. Mama yangu amenirekebisha."

Nyamongo aliinuka, akamwangalia kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, nikuambie tu ujue. Hii imetengenezwa tengenezwa. Si kama ilivyotoka kiwandani."

"Na mimi pia," Gesare alisema. "Meno mawili haya ni ya kutiwa. Mkono huu ulivunjika, ukaungwa na chuma, na chuma bado kiko ndani. Mtoto wangu wa mwisho alitolewa kwa kisu. Hakuna kitu cha miaka hamsini na miwili ambacho kimefanya kazi na hakijaguswa. Kisichoguswa ni kile ambacho hakuna aliyekihitaji."

Shueib aliangua kicheko, akachomeka waya. Hakumwomba mtu ruhusa.

Gesare akapiga. Hakupiga kama mtu anayejaribu bidhaa. Alipiga ule mwendo wa harusi za kwao, ule unaoanza na nyuzi mbili zikiitana, kisha ya tatu inaingia kama shangazi aliyechelewa, na hapo hakuna anayebaki ameketi. Muuza viatu wa mlango wa pili alichungulia. Mama wawili waliokuwa na vikapu vya parachichi wakasimama mlangoni, na mmoja wao bila kutua kikapu akaanza kutikisa mabega. Gesare aliwaona kwa pembe ya jicho. Alikuwa akitazama mkono wake wa kushoto ukipita mahali palipoliwa rangi, na kila mahali kidole kilipokwenda kilikuta njia imeshafunguliwa.

Alipomaliza, Nyamongo alizima tochi akaitia mfukoni.

"Una bendi?" akauliza.

"Ninayo," Gesare alijibu. Hakuwa nayo. Lakini alikuwa akimjua mpiga besi mmoja, na mpiga ngoma aliyechoshwa na Nyasani, na kabla wiki haijaisha alikuwa nayo kweli.

"Hoteli yangu Jumapili alasiri inapooza sana. Njoo tuzungumze."

Gesare alimwambia atakuja, lakini si leo. Leo ana safari.

Alilipeleka gitaa Nyamira akiwa na Mogire, aliyebeba amplifaya begani huku akinung'unika kwamba hakuna mtu aliyemwuliza kuhusu mgongo wake. Orpah alikuwa ameshawaambia majirani. Viti vilikuwa vimetolewa nje, na chai ilikuwa jikoni. Aliomba kulishika kwanza. Alilipokea kwa mikono miwili, likamzidi kidogo, akalisogeza kifuani.

"Ni zito kuliko wewe ulivyokuwa," alisema.

Mogire aliuvuta waya wa umeme kutoka sebuleni. Gesare, kwa heshima ya nyumba ile, akaanza kupiga wimbo wa kanisani ambao mama yake huuimba akichuma chai. Hakufika mbali. Orpah alinyoosha mkono.

"Hizo nazijua," alisema. "Nipigie zile za harusini."

Gesare akamtazama kuhakikisha. Kisha akazipiga. Majirani wakainuka mmoja mmoja, hata Mogire na mgongo wake. Orpah hakuinuka. Aliketi wima kwenye kiti chake, mikono magotini, akitazama vidole vya bintiye kama mtu anayesoma maandiko madogo, na wimbo ulipofika pale panapochemka, mabega yake yakatikisika mara moja, kisha tena, naye hakuyazuia.

Wimbo ulipokwisha, jirani mmoja alimwuliza kwa nini gitaa la zamani hivyo, na mapya yapo tele.

"Wamezaliwa mwaka mmoja," Orpah alijibu. "Hili walilitengeneza Wajapani. Huyu nilimzaa mimi, jua likiwa limeshikwa na kanisa zima likilia. Ana hamsini na miwili, na mmesikia wenyewe."

Aliwaacha wakimpongeza Gesare, akaingia jikoni, akatoka na birika. Alipokuwa akimmiminia bintiye chai, aliinama karibu na sikio lake.

"Huko hotelini mtapiga siku gani?"

"Jumapili, Mama."

"Si Sabato?"

"Si Sabato."

Orpah alijaza kikombe hadi ukingoni. "Basi mwambie huyo bwana aniwekee kiti," alisema. "Lakini kisiwe karibu na spika."